Hadithi ya Elden Ring imekaa kwa mabosi wake

Mei 2025 Bandai Namco, wachapishaji wa gemu ya Elden Ring, na kampuni ya filamu ya A24 zilitangaza kwamba Alex Garland ataandika na kuongoza filamu ya gemu hiyo. Tangu hapo swali moja linazunguka kati ya wanaocheza gemu na wasiocheza: hiyo filamu itasimulia nini? Ni swali la haki. Gemu hii ilitoka tarehe 25 Februari 2022, ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na kufikia 2025 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 30. Lakini mkamate mtu aliyeimaliza umwambie akupe kisa chake kwa dakika mbili. Mara nyingi atakueleza alivyouawa na Malenia, na ukimuuliza Malenia ni nani atababaika. Ndiyo maana wengine wamehitimisha kwamba gemu haina hadithi, ni kupigana na kufa tu.

Hitimisho hilo silikubali. Hadithi ipo, tena nzito, ya familia moja iliyojiangamiza yenyewe. Kinachowapoteza watu ni kuitafuta pale ambapo gemu nyingine huiweka, kwenye vipande vya video na mazungumzo marefu kati ya pambano na pambano. Elden Ring imeiweka ndani ya pambano. Namna adui anavyosimama, silaha aliyoishika, anachofanya damu yake ikifika nusu, hata mnyama aliyempanda: yote hayo ni masimulizi, na yanasomeka mtu akijua pa kutazama. Nitataja miisho ya mambo kadhaa, kwa hiyo ambaye hajacheza na anataka kujionea mwenyewe ajue hilo mapema.

Maneno ya kuanzia

Bosi, kwa wachezaji, ni adui mkubwa aliyewekwa mahali maalumu, ambaye mara nyingi huwezi kuendelea na safari bila kumshinda. Kwenye Elden Ring utamjua kwa jina lake, linalojitokeza chini ya skrini juu ya mstari mrefu mwekundu. Mstari huo ndio damu yake, yaani uhai. Wewe una wako juu kushoto, mfupi zaidi, pamoja na mstari wa kijani wa pumzi, unaopungua kila unapokata, unapokimbia mbele ya adui au unapojiviringisha kukwepa. Wengi wanaokufa hawafi kwa kukosa damu ya kutosha. Wanakufa kwa kumaliza pumzi kwenye mashambulizi, halafu pigo linakuja na mwili hauwezi tena kukwepa.

Awamu ni sehemu ya pambano. Mabosi wengi wakubwa wana awamu mbili, na ya pili huanza damu ikipungua kiasi fulani au ikiisha kabisa halafu ikajaa upya. Runi ni pointi unazovuna kwa kuua maadui. Ndizo fedha, na ndizo za kupandia levo. Ukifa zinabaki pale ulipoangukia. Ukirudi ukazigusa ni zako tena, ukifa kabla ya kuzifikia zimekwenda moja kwa moja. Na kuna vituo vya neema, alama za nuru ya dhahabu ambapo unapumzika, unajaza chupa za dawa, na maadui wa kawaida wanafufuka wote. Mabosi uliokwisha kuwashinda hawafufuki. Hilo nalo lina maana kihadithi: ukimwangusha mtawala wa ngome, ngome inabaki bila mtawala mpaka mwisho wa mchezo.

Gemu inaweza kuchezwa bila mtandao, lakini ukiunganishwa unaona nyayo za wengine. Kuna ujumbe walioacha chini, madoa ya damu yanayoonyesha sekunde za mwisho za mtu aliyefia hapo, na alama za dhahabu za walio tayari kuitwa wakusaidie.

Nyumba iliyogombania mirathi

Kisa chenyewe ni hiki. Nchi inayoitwa Lands Between ilitawaliwa na Malkia Marika. Elden Ring si pete ya kuvaa kidoleni, ni utaratibu wenyewe wa ulimwengu, sheria iliyoamua nani anaishi, nani anakufa na kwa namna gani. Usiku mmoja mwana wa malkia, Godwyn, akauawa kwa visu. Baada ya hapo Elden Ring ikavunjwavunjwa, na aliyeivunja ni Marika mwenyewe. Watoto na jamaa zake, ambao gemu inawaita nusu-miungu, kila mmoja akanyakua kipande. Wakaingia vitani wao kwa wao, na vita vikaisha bila mshindi. Wewe unafika zamani zikiwa zimeshapita. Unatokana na watu waliofukuzwa nchini, na sasa umeitwa urudi, ukusanye vipande, utawazwe.

Hali yako ni ya mgeni anayefikia nyumba ambayo warithi waligombana miaka mingi nyuma. Hakuna anayemkalisha chini amweleze kutoka mwanzo. Anakuta ukuta umejengwa katikati ya ua, anasikia jina fulani likitajwa kwa sauti ya chini, anaona picha ukutani iliyokatwa nusu. Kila ndugu ana maelezo yake, na kila maelezo yanamtetea anayeyatoa. Mgeni mwenye subira huunganisha mwenyewe. Asiye na subira huondoka akisema pale nyumbani hapakuwa na jambo.

Msimamizi wa gemu, Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware ya Tokyo, ameshaeleza mtindo huu ulikotoka. Alipokuwa mtoto alisoma vitabu vya Kiingereza vya visa vya ajabu ambavyo hakuvielewa vyote, na sehemu zilizomshinda alizijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Ukilijua hilo unaacha kuona mapengo ya gemu kama uzembe. Yameachwa makusudi ili uyajaze, kama yeye alivyoyajaza utotoni.

Hapa pana uvumi unaohitaji kurekebishwa. Jina la mwandishi wa riwaya George R. R. Martin lilitangazwa sana gemu ilipokuwa inakuja, na watu wengi wakaamini kila neno linalosemwa ndani yake ameliandika yeye. Sivyo. Martin aliandika historia ya kale ya ulimwengu ule, yaani familia, asili zao na yaliyotokea kabla ya wewe kufika. Maneno ya wahusika na maelezo ya vitu ni kazi ya Miyazaki na wenzake. Kwa lugha ya mfano wetu, Martin aliijenga nyumba na kuwaleta warithi. FromSoftware ndio walioamua mgeni ataona nini baada ya ugomvi.

Radahn na farasi wake

Bosi mmoja anatosha kuonyesha haya yote yanavyofanya kazi, naye ni Jenerali Radahn, mmoja wa wale nusu-miungu.

Unamkuta katika jimbo la Caelid, nchi iliyooza mpaka anga yake ni nyekundu. Kwenye ngome ya Redmane linafanyika tamasha, na wapiganaji wamekusanyika kutoka pande mbalimbali. Lengo la tamasha ni kumuua Radahn, na walioliandaa ni watu wake mwenyewe. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asimame akajiuliza. Unavuka, unatokea kwenye uwanda wa mchanga usio na mwisho uliojaa silaha zilizochomekwa, na kabla hata hujamwona vizuri mshale mkubwa kama mkuki unakupiga kutoka mbali. Ukisogea, ndipo unamwona: jitu la kutisha, panga mbili mikononi, limepanda farasi mdogo, mwembamba, ambaye kwa ukubwa wa mpandaji hata haonekani vizuri.

Ukiwashuhudia watu wanaomwona Radahn kwa mara ya kwanza, wengi wanacheka. Farasi yule anaonekana kama kosa la mchoraji. Halafu pambano linaendelea, Radahn anaruka, anageuka, anateleza juu ya mchanga kwa wepesi usiolingana na mwili ule, na farasi haanguki wala havunjiki mgongo. Mchezaji anapambana na jambo lisiloelezeka kwa macho.

Maelezo yake yapo kwenye kitu unachopewa ukishamshinda. Maandishi ya kitu hicho, kiitwacho Kumbukumbu, yanasema kwamba nguvu zake za uzito na wepesi alizisomea ujanani katika mji wa Sellia, ili asilazimike kamwe kumwacha farasi wake mpendwa aliyekonda. Mtu mkubwa aliona mwili wake unaelekea kumzidi mnyama aliyempenda, na badala ya kutafuta farasi mwingine akaenda kusomea uchawi wa kujifanya mwepesi. Na sasa akili yake imeliwa na uozo, amebaki kula maiti za marafiki na maadui bila kutofautisha, lakini uchawi ule bado anautumia. Amesahau kila kitu isipokuwa kutomwumiza farasi. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi na bado inanigusa, kwa sababu haikuniambia kitu kipya. Ilinieleza kitu ambacho nilikuwa nimekitazama dakika nyingi bila kukielewa.

Ndani ya pambano lile yamo mengine. Mchangani kuna alama za kuita wale wapiganaji wa tamasha, na wakianguka alama zao hutokea tena mahali pengine, ukawaita tena. Kwa kawaida kuita msaada ni hiari, lakini hapa pambano zima limepangwa kwa ajili ya kundi, kwa sababu kihadithi hili ni tendo la jumuiya: watu wanakwenda kumpa shujaa wao kifo cha heshima. Damu yake ikifika nusu, anaruka juu mpaka anapotea angani, kimya kinatanda sekunde kadhaa, kisha anashuka kama kimondo kinachowaka. Mchezaji anafikiri ni pigo la kushangaza tu. Lakini Radahn ndiye aliyepigana na nyota na kuzisimamisha zisisogee. Akifa, nyota zinaanza kutembea upya, moja inaanguka katika jimbo la Limgrave na kuchimba shimo linalofungua njia ya kwenda mji wa Nokron chini ya ardhi. Ramani yako inabadilika kwa sababu ya mtu uliyemuua. Sijui njia bora zaidi ya kumwambia mchezaji kwamba fulani alikuwa mtu mkubwa.

Pigo linasomwaje

Sasa tuje kwenye mapigano yenyewe, maana hapa ndipo malalamiko yanapozaliwa.

Kila pigo la bosi lina sehemu tatu: maandalizi, pigo lenyewe, na mapumziko baada ya pigo. Maandalizi ni kuinua mkono, kurudi nyuma, kung'aa kwa silaha. Kazi yako ni kuyatambua, ukwepe pigo, kisha utumie mapumziko kushambulia. Unapojiviringisha kuna muda mfupi, chini ya nusu sekunde, ambao mwili wako haugusiki hata silaha ikipita katikati yake. Kwa hiyo kukwepa kuelekea kwa bosi mara nyingi ni salama kuliko kukimbia kinyumenyume. Angalia pia uzito wa mavazi na silaha: ukizidi asilimia 70 ya uwezo wako, unajiviringisha kwa uzito na muda ule wa usalama unapungua. Nimeona watu wakilaani gemu kumbe wamevaa chuma chote walichokiokota.

Mwalimu wa kwanza wa somo hili ni Margit, anayelinda daraja la kuingilia ngome ya Stormveil. Margit anainua fimbo yake kisha anaishikilia juu. Anangoja. Mchezaji mwenye hofu anajiviringisha mapema, na hapo ndipo fimbo inashuka. Ukikimbia mbali ukanywe dawa, anakurushia kisu cha nuru. Watu wanamwita mdanganyifu, wanasema gemu inasoma vidole vyao. Ni kweli kwamba baadhi ya maadui wameundwa wakushambulie pale unapokunywa. Lakini hilo ni tabia, na tabia inaweza kujifunzwa: ukinywa mara tu baada ya yeye kumaliza mfululizo wa mapigo, huwa hana nafasi ya kukujibu. Kusubiri kwake ni fundisho la kutazama mkono wake badala ya kuisikiliza hofu yako.

Na hata fundisho hilo ni hadithi. Saa nyingi baadaye, kwenye mji mkuu wa Leyndell, unamkuta bosi anayeitwa Morgott, mfalme wa mwisho, aliyebaki peke yake kulinda kiti cha enzi cha familia iliyomficha chini ya ardhi kwa sababu ya pembe zake. Anaanza kupigana, na unagundua kwamba unamjua. Kisu kile kile cha nuru, kusubiri kule kule. Margit alikuwa Morgott aliyejificha nyuma ya jina jingine. Mikono yako kwenye padi inalijua jambo hilo kabla maneno hayajathibitisha. Filamu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mtazamaji wa filamu hajawahi kupigwa na ile fimbo.

Godrick wa Stormveil yeye ni rahisi kumsoma. Ni kizazi cha mbali, damu dhaifu, kwa hiyo anajishonea viungo vya wengine mwilini ili aonekane mkubwa. Damu yake ikishuka anajikata mkono na kupachika kichwa cha joka. Hapo kumbuka yule kiumbe mwenye mikono mingi aliyekuua dakika za mwanzo kabisa za mchezo, kabla hujajua hata kushika upanga. Ni wa utamaduni huo huo wa kuunganisha viungo. Jibu lilikuwa Stormveil.

Halafu yupo Malenia, nusu-mungu mwingine. Kabla ya kusimama, anaokota mkono wake wa bandia na kuuvaa. Anajitambulisha kama mtu asiyewahi kushindwa. Kila anapokupiga damu yake inarudi, hata ukikinga kwa ngao, na ana mfululizo wa mapigo hewani unaoitwa Waterfowl Dance ambao umekatisha tamaa watu wengi kuliko pigo lingine lolote katika gemu hii. Swali la wengi ni kwa nini afanywe mgumu hivi. Mimi nadhani ugumu wake ni wasifu wake. Alizaliwa na uozo mwilini. Mwalimu mwenye upanga utiririkao kama maji alimpa njia ya kuishi nao. Na ukitazama mapigo yake, hayakatiki, yanapita kutoka moja hadi jingine bila kiungo. Umefikiria kwamba umemshinda, mstari wake umekwisha, ndipo awamu ya pili inaanza: anachanua kama ua, mabawa ya uozo yanatoka. Kitu alichokipinga maisha yake yote ndicho anachokikubali ili asishindwe nawe. Caelid ilioza kwa sababu alichanua vivyo hivyo alipopigana na Radahn. Ukilijua hilo, awamu ya pili inaacha kuwa adhabu kwa mchezaji na kuwa msiba wake yeye.

Pale ilipowagawa watu

Mtindo huu una udhaifu, na Juni 2024 ulionekana wazi. Nyongeza ya gemu hii, Shadow of the Erdtree, ilipotoka tarehe 21 mwezi huo, malalamiko yalifurika kwamba mabosi wamezidi ukali. Sehemu ya tatizo ilikuwa kutosoma: katika nchi ile mpya levo zako za zamani hazitoshi, unapaswa kukusanya vipande vya Scadutree vinavyokuongezea nguvu na kinga. Bandai Namco ikabidi iwakumbushe wachezaji hadharani. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ya kweli. Bosi wa mwisho alifunika skrini kwa nuru na mapigo yaliyofuatana bila nafasi, na Septemba 2024 sasisho likampunguza makali. Bosi ambaye maandalizi yake hayaonekani hawezi kusimulia chochote, kwa sababu hakuna unachokiona.

Bosi huyo wa mwisho ni Radahn tena, na jambo hilo liliwakera wengi. Walisema amekufa kwa heshima, kwa nini arudishwe? Naelewa hasira yao, na nakubali kwamba maneno ya maelezo ni machache mno kwa tukio kubwa namna ile. Lakini wengi walipitwa na kitu kimoja. Ili uingie kwenye nyongeza hii, gemu inakulazimisha uwe umemuua Radahn na umemuua Mohg, nusu-mungu mwingine. Watu walidhani ni kizuizi tu cha kuhakikisha una nguvu. Mwishoni unagundua kwamba Miquella, kaka wa Malenia, alihitaji roho ya Radahn iachiliwe na mwili wa Mohg upatikane, amfufue mmoja ndani ya mwili wa mwingine awe mwenzi wake. Kazi yote hiyo umeifanya wewe. Yale masharti ya kuingilia yalikuwa sehemu ya kisa tangu mwanzo.

Na kuita msaada, je, ni udanganyifu?

Hili nalisikia kila mara, hasa kutoka kwa vijana wanaotaka kuonekana mahodari: ukimwita mtu akusaidie hujamshinda bosi. Muundaji mwenyewe hakubaliani nao. Miyazaki amesema kwamba yeye si hodari wa gemu, na kwamba akicheza hutumia kila msaada uliopo. Gemu nayo ina hesabu yake, kwani ukiita mchezaji mwingine damu ya bosi inaongezeka, na unakuwa wazi kuvamiwa na mchezaji adui. Mnaruhusiwa wasaidizi wawili, na mkiwa na wachezaji wengine huwezi kuita mizimu yako ya majivu, yaani roho ambazo ukicheza peke yako unaweza kuziita zikupiganie. Kila msaada una bei yake.

Asili ya msaada huu ni ya zamani kuliko Elden Ring. Miyazaki aliwahi kueleza kwamba wazo lilimjia kwenye mlima wenye theluji, magari yalipokwama na madereva wasiofahamiana wakasukumana mpaka juu, kisha kila mtu akaenda zake bila hata kushukuriana vizuri. Ndiyo maana tangu Demon's Souls, gemu yake ya 2009, mawasiliano yako na msaidizi ni ya ishara zaidi kuliko maneno. Anainama kusalimia, mnapigana, bosi akianguka anatoweka. Ujumbe wa chini nao unaundwa kwa kuchagua maneno yaliyokwisha kuandaliwa, huwezi kuandika utakavyo. Hapo matusi hayana nafasi, na onyo kama la mtego mbele linafika kwa mtu wa lugha yoyote.

Mwaka 2022 mchezaji mmoja anayejiita Let Me Solo Her aliweka alama yake nje ya mlango wa Malenia, chungu kichwani, karibu uchi, panga mbili mkononi, akiwaomba waliomwita wasimame pembeni. Alimshinda kwa niaba ya watu zaidi ya mara 1,000, na Bandai Namco ikamtumia zawadi, upanga ukiwemo. Hakuandikwa na Martin wala Miyazaki, lakini ukizungumza na wachezaji kuhusu Malenia, na yeye atatajwa. Ameingia kwenye hadithi.

Nightreign, gemu nyingine ya Elden Ring iliyotoka tarehe 30 Mei 2025, imelichukua wazo hilo la kusaidiana ikalifanya gemu nzima: wachezaji hadi watatu, safari ya siku mbili za mbio huku duara la usiku likiwabana, na siku ya tatu bosi mmoja mkubwa. Inachezeka kwa kiasi cha dakika 40 kwa mzunguko, na ni tamu. Lakini pale mbio zinakunyima muda wa kusoma maelezo ya kitu ulichookota, na wenzako hawangoji. Anayetaka hadithi aanze na Elden Ring yenyewe.

Mtandao ukiwa dhaifu, chagua kucheza nje ya mtandao kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Utakosa ujumbe na wachezaji, ila wahusika wa gemu bado wanaitika: Rogier yupo karibu na mlango wa Margit, na alama yake ya dhahabu inafanya kazi hata bila intaneti. Mwite, mwache Margit amgeukie yeye, nawe simama kando uutazame ule mkono unavyopanda na kusubiri.